Kikombe cha Mzee Ngui

Kaloleni, Nairobi
9 Februari 1997

Mama mkwe wangu mpendwa,

Kabla sijasema lolote, kaa chini kwanza. Si habari mbaya. Ni vile najua barua zangu unazisomea hapo hapo shuleni, umesimama juani, kabla hata mwalimu hajamaliza kukupa.

Sisi tu wazima. Kimanzi yuko njiani na lori kwenda Malaba, nafikiri wiki ijayo atakuwa nyumbani. Mjukuu wako anakusalimu. Hapa plotini wote wanamwita Whitney, vile baba yake alivyomwandikisha, lakini tukiwa wawili mimi namwita Ndindi, jina lako, na anaitika yote mawili.

Mimi naendelea. Nywele zimerudi, Mama, laini kama za mtoto mchanga. Zile dripu zilizokuwa zikinitapisha zimekwisha, na pale walipoondoa titi pamekauka vizuri. Sasa nimepewa vidonge. Vinaitwa tamoksifeni, jina la kukwamisha ulimi. Kuna nesi pale kliniki, Wangeci, mama mkali lakini ana roho nzuri, alinieleza polepole mpaka nikashika. Alisema dripu ilikuwa kama kumwaga maji ya moto nyumba nzima ili umpate panya mmoja. Vidonge haviko hivyo, hivi vinalenga. Ugonjwa wangu unakula homoni, zile za mwili wa mwanamke, na una mlango wake wa kupitishia chakula hicho. Kidonge kinakwenda kusimama pale mlangoni, kinaziba. Lakini kinachoka kama askari, kwa hivyo kila siku lazima umtume mwingine ashike zamu. Kimoja kwa siku, wakati ule ule, kizima, na maji. Ukisahau leo, kesho usimeze viwili eti unafidia. Mimi humeza jioni taarifa ya habari ikianza kwa redio ya jirani, hivyo sisahau.

Kinachonimaliza ni uchovu. Na joto. Linanipanda kutoka kifuani ghafla, nalowa kama niliyetoka kukimbizwa, halafu linaondoka naanza kutetemeka. Sokoni Gikomba nimerudi, ila bale la mitumba siwezi kuinua, mkono wa upande ule unavimba. Nauza nguo za watoto nimekaa chini kwa gunia. Juzi mteja alinikuta nimesinzia juu ya sweta, akasema, "Mathe, hizi nguo ni za kuuza ama ni za kulalia?" Nilicheka mpaka nikaamka vizuri.

Umeuliza dawa itaisha lini. Itaisha tu, Mama. Haikawii.

Asante kwa ndengu. Najua huko hamkuvuna kitu, na bado mkanikumbuka.

Mtoto wako,
Rispa


Wamunyu
27 Februari 1997

Rispa mke wa mwanangu,

Nimeisoma nimesimama. Nikae wapi, na kiti ni kimoja na mwalimu amekikalia? Kule gumbaru, darasani na wazee wenzangu, walinifundisha kusoma, kukaa hawakunifundisha.

Nimefurahi nywele zimerudi. Sasa niambie, huyo Whitney ni nani? Ni wa ukoo gani? Alilima shamba gani? Mwambie Kimanzi mimi sijawahi kumzaa mtu anayeitwa Whitney, na nikija Nairobi nitaita Ndindi mlangoni, asiyeitika alale njaa.

Huku ni jua. Mto umekauka, tunachimba mchanga tunakaa kando ya shimo tukingoja maji yatoke, kata moja moja. Kutoka asubuhi mpaka jua la saa sita nimepata mtungi mmoja. Magoti yangu yanaongea.

Nimekutumia mizizi kwa kondakta wa basi, ichemshe unywe asubuhi. Inaongeza damu. Sisi wote tumeinywa, na tuko hapa.

Halafu jambo langu. Wewe ni mtu wa ziwani, umetukuta na desturi zetu, na tangu uolewe sijawahi kuona ukizidharau. Unajua kwetu jina halitafutwi, lina foleni. Msichana wa kwanza ni mimi, na nimekwisha kuja, asante. Mvulana wa kwanza ni baba yake Kimanzi. Mzee wangu Ngui ana miaka mitatu ardhini na hajaitwa na mtu. Majuzi pale shimoni, jirani yangu Mbeti, unamjua, yule mwenye mdomo, akaniuliza mbele ya watu, "Ndindi, kwani Ngui wenu alikwenda na jina lake mfukoni?" Nikamwambia mke wa Kimanzi anamaliza dozi ya hospitali, akishamaliza utamsikia Ngui akilia hapa.

Kwa hivyo ukimaliza niambie. Nataka mume wangu arudi mdogo nimfinye mashavu. Alinisumbua sana alipokuwa mkubwa.

Mama yako,
Ndindi mwenyewe, si Whitney


Kaloleni
23 Machi 1997

Mama mpendwa,

Mizizi imefika, haikukatika hata mmoja. Lakini usikasirike, sijainywa. Nilikwenda nayo kliniki kwenye mkoba, kwa sababu Wangeci alituambia lolote tunalotaka kumeza, hata kama ni la dukani, hata kama limetoka kwa mama mzazi, kwanza tumwonyeshe. Hakuitukana. Aliinusa, akaishika vizuri kama kitu cha mtu, akasema, "Mimi sijui kilicho ndani yake, wewe hujui, na vidonge pia havijui. Usivikutanishe." Nimeitundika juu ya mlango. Inanukia nyumba nzima, hata mgeni akiingia ananiuliza kama nimetoka ushago leo.

Pia aliniuliza juu ya miguu. Ukiona mguu mmoja umevimba na unauma, au pumzi inakatika, au damu inatoka wakati si wake, usingoje siku ya kliniki, njoo mbio. Miguu yangu ni sawa, Mama. Imechoka tu kama mimi mwenyewe. Maji ya mfereji yanakuja siku yanayotaka, na huu mkono haubebi ndoo, basi nabeba kwa sufuria, safari baada ya safari.

Ndindi mdogo alinitisha. Nilikuwa nimeweka kichupa cha vidonge kando ya kikombe cha chai, nageuka hivi, amekiinamisha mdomoni akidhani ni peremende. Kifuniko kilikuwa bado kimefungwa. Nilimpiga kofi la mkono halafu nikalia kuliko yeye. Sasa nakiweka juu kabisa ya kabati.

Habari ya jina la Mzee nimesikia. Nimesikia sana. Mimi mwenyewe nilimpenda. Unakumbuka mara ya kwanza Kimanzi aliponileta, nyote mkanyamaza kwa sababu sikujua Kikamba, yeye akachukua kipande cha mti akanichongea mwiko hapo hapo nikiangalia, akanipa bila neno? Bado napikia huo.

Kwetu ziwani jina halina foleni. Mtu aliyekufa akitaka kuitwa, anakuja mwenyewe katika ndoto kuomba. Usipompa, mtoto analia mpaka umtaje. Ndiyo maana sisi tunaogopa ndoto kidogo.

Tuombe Mungu.

Rispa


Wamunyu
20 Aprili 1997

Rispa,

Kimanzi alipita hapa Pasaka, akalala usiku mmoja. Nikamuuliza, "Mwanangu, dawa ya mke wako inaisha lini?" Akainuka akasema anakwenda kuangalia mbuzi. Mbuzi niliwauza Januari. Alisimama zizini saa nzima. Sasa alikuwa anaangalia nini, samadi?

Mwanaume anayekagua zizi tupu ana neno tumboni. Nilimwacha. Ninyi wawili mtaniambia mkitaka.

Mbeti ameanza tena. Safari hii hakuuliza, alisema. "Kijana mzuri kama Kimanzi atazeeka na msichana mmoja tu? Wanawake wameisha?" Sikumjibu. Nilikuwa na mtungi kichwani.

Mvua haijanyesha ya maana. Nilipanda, mahindi yametoka yakatazama juu yakajuta. Nimechoka, mwanangu, mpaka kalamu ni nzito. Msalimu jina langu.

Ndindi


Kaloleni
18 Mei 1997

Mama,

Nimekaa na barua yako karibu mwezi. Nimeisoma mpaka karatasi imelegea mahali palipokunjwa. Pale uliposema Mbeti alisema na wewe hukumjibu.

Sasa nina habari. Mzee amekuja.

Ilikuwa mchana, Jumapili ya mwanzo wa mwezi huu, baada ya kanisa. Nilikuwa nimejilaza na Ndindi kando yangu. Nikamwona mlangoni, amevaa lile koti lake lenye vumbi la mti. Nikasema, "Karibu, Mzee." Hakuingia. Alisimama pale pale kwenye kizingiti na kikombe mkononi, kile cha bati, cha buluu, kilichomeguka ukingoni, kinachoning'inia msumarini jikoni kwako. Akaninyooshea. Hakusema hata neno. Alinitazama mdomo tu, Mama, kama mtu anayengoja nitamke kitu. Nikajua. Ana kiu. Miaka mitatu hajaitwa na mtu, amekuja kuomba jina lake, na anangoja nilitaje.

Niliamka nimelowa, na safari hii halikuwa lile joto.

Basi nakuandikia ujue kwamba dawa nimemaliza. Kimanzi nimemwambia pia, alifurahi akaleta nyama kilo mbili na soda. Uchovu nao umepungua, nalala vizuri. Nina tumaini, Mama. Mwambie Mbeti akae karibu na njia asikie habari.

Mjukuu wako naye amepata kayamba. Nimemwachia kile kichupa cha vidonge, anakitikisa chakacha chakacha akicheza uani, na majirani wanampigia makofi. Kifuniko ni kigumu, hawezi kukifungua. Ungemwona hicho kiuno, ungejua ni Mkamba.

Rispa wako


Wamunyu
1 Juni 1997

Rispa,

Mnyang'anye mtoto kichupa. Weka barua hii chini, mnyang'anye, halafu urudi usome.

Umerudi? Haya.

Shule nilianza nikiwa na wajukuu, lakini masikio nilizaliwa nayo. Kichupa cha dawa iliyokwisha hakilii chakacha.

Kimanzi alikagua mbuzi wasiokuwako. Wewe unamaliza dawa ambayo bado iko. Mnanificha nini? Niandikie ukweli, hata kama ni mbaya. Nimezika mume kwa mikono hii, siogopi karatasi.

Ndindi


Kaloleni
11 Juni 1997

Mama,

Kichupa nimemnyang'anya. Alilia jioni nzima.

Nitaandika haraka kabla sijaogopa. Dawa haijaisha. Haikuwa karibu kuisha. Siku ya kwanza kabisa daktari alisema ni miaka mitano. Nilikuambia haikawii kwa sababu nilikuona unahesabu, na mimi sikuweza kukutajia mitano.

Na kuna lingine. Nikiwa kwenye hivi vidonge sitakiwi kushika mimba. Wangeci alinikalisha chini akafunga mlango. Alisema kidonge kinaweza kumharibu mtoto tumboni. Hata vile vidonge vya kupanga uzazi vinavyotumiwa na wanawake wengine, mimi nimekatazwa, kwa sababu vinaupa ugonjwa chakula kile kile tunachoukatalia. Kwa hivyo ni mipira tu. Kimanzi alikubali. Ndiyo maana alikwenda kukagua zizi, Mama. Hakutaka kukudanganya na hakutaka kunichongea. Usimlaumu.

Mimi ndiye niliyemdanganya. Nilimwambia daktari amebadilisha, ameona niko sawa, ameniruhusu. Aliniamini kwa sababu alitaka kuamini.

Niliacha vidonge siku ile ya ndoto. Nilikuwa na barua yako chini ya mto. Niliwaza, mimi ni mtu wa kabila lingine, nimeletwa kwenu nikapokelewa vizuri, halafu nikaugua, nikakatwa titi, pesa za watu zikaenda hospitali, nikazaa mmoja basi. Mama hakumjibu Mbeti. Labda Mama naye anaona hivyo. Labda wataleta mwingine mwenye matiti mawili, na sitakuwa na neno la kusema. Halafu Mzee akaja mwenyewe kuomba. Ningemkatalia vipi?

Sasa sikiliza. Siku zangu za mwezi hazijaja. Zimepita sana. Sijui kama ni Ngui ama ni mwili tu umechanganyikiwa. Kama ni yeye, sijui kama vile vidonge nilivyomeza mwanzo vimeshamgusa. Na kama si yeye, nimeuacha mlango wazi bure. Kliniki sijaenda. Ilikuwa niende wiki jana, nikafika hadi getini nikarudi, nikakumbuka uso wa Wangeci.

Jana nilipokuwa nikioga nilijipapasa upande uliobaki. Nilihisi kitu, halafu sikukihisi tena. Sijui vidole vyangu vinasema ukweli au vinaogopa.

Kimanzi yuko Malaba. Sijamwambia mtu, ni wewe tu. Kama umenikasirikia nikasirikie, lakini usimfanye Ndindi akose nyanya yake.

Rispa


Wamunyu
16 Juni 1997

Rispa, mwanangu,

Safari hii niliketi. Nilimwambia mwalimu aniondokee kwenye kiti.

Kwanza Mbeti. Nilikuandikia nilikuwa na mtungi kichwani, na ndivyo ilivyokuwa. Maji ya kutwa nzima, njia ya mawe, magoti haya. Mtu mwenye mtungi kichwani hajibu, akijibu anatikisika, akitikisika maji yanamwagika, na Mbeti hana thamani ya kata moja. Nilifika nyumbani, nikatua, nikarudi mikono mitupu, nikamjibu. Hasalimiani nami hadi leo. Hilo sikukuandikia kwa sababu maneno niliyotumia hayafai kupita posta.

Kwa hivyo umefanya haya yote kwa sababu ya mtungi wa maji. Na mimi ndiye niliyekutumia maneno ya Mbeti mabichi bila mafuta. Nilikuwa nimechoka nikatafuta mtu wa kulalamikia. Nisamehe.

Sasa Mzee. Hapo watu wa ziwa na sisi tumepishana njia, ngoja nikueleze. Kwetu wafu hawaji kuomba majina. Kwa nini waombe, na foleni wanaijua? Ngui anajua nafasi yake iko. Aje kubisha mlangoni Kaloleni kama mtu wa kudai kodi? Hakuwa na tabia hiyo.

Lakini hicho kikombe nakijua. Na kizingiti nakijua. Wewe hukuweza kujua, kwa sababu jambo hili ni letu wawili tu, na mmoja ni marehemu.

Nilipokuwa mke mpya nilishikwa na malaria, nikapewa klorokwini. Ile dawa ni chungu, nikawa naificha chini ya ulimi, Ngui akitoka natema jivuni. Siku moja akachakura jiko akavikuta vidonge vyangu vyote, vimegeuka kijivu kwa majivu. Hakusema kitu. Tangu siku hiyo, kila mara nilipougua, na Rispa nimeugua sana, malaria, kifua, lile jipu la mgongo, yeye alikuwa akiacha kuchonga, anachota maji kwa kikombe cha buluu, anakuja kusimama mlangoni. Haingii kwa sababu vumbi la koti lake lilikuwa linanikohoza. Ananinyooshea kikombe kutoka pale pale kizingitini. Nikimeza, haondoki. Ananitazama mdomo. Anangoja. Mpaka nifungue, niinue ulimi, aone hakuna kitu. Ndipo anarudi kwa miti yake. Miaka yote ya ndoa yetu. Nilikuwa mwanamke mzima mwenye watoto sita, na bado: fungua mdomo, nione ulimi.

Mwanangu, Ngui hakuja kukuomba maji. Alikuletea.

Nimesoma barua yako kisha nikaenda jikoni nikakitoa kile kikombe msumarini, nikalia nacho kidogo. Kwangu hajaja hata mara moja tangu afe. Amepita nyumba yake mwenyewe, akaja Nairobi asikokujua, kwa sababu kuna mtu alikuwa anakaribia kuacha dawa. Hayo ndiyo mapenzi ya yule mzee. Kazi, kazi, hakuna maneno.

Kesho, si kesho kutwa, utakwenda kliniki. Usimeze kidonge kwanza kwa hofu, wala usimeze vingi kulipiza. Hata mimi mshamba naona hivyo. Nenda umwambie huyo Wangeci yote kama ulivyoniambia, na ile habari ya vidole. Akikugombeza, gombezwa. Kama kuna mtoto, ni mtoto wetu, tutasikia daktari anasemaje, na hutasikia neno kutoka kwangu. Kama hakuna, utameza hiyo miaka mitano. Jina halili wala halivai. Ngui aliningojesha mahari miaka saba, sasa na yeye angoje. Na Muthama, mdogo wake Kimanzi, naye ana miguu, ataoa, ataita. Ndindi anahitaji mama aliye hai kuliko Ngui anavyohitaji kuitwa.

Kikombe nimekupa. Anacho kondakta, kimefungwa kwa leso yangu.

Mama yako,
Ndindi


Kaloleni
20 Julai 1997

Mama yangu,

Kikombe kilifika kabla ya barua. Niliifungua leso pale stendi, nikakiona, nikakaa chini kwenye lami, watu wakadhani nimeibiwa. Sikujua umekituma kwa nini. Barua ilifika siku ya pili, nikajua.

Nilikwenda. Wangeci hakupiga kelele, ingekuwa afadhali angepiga. Alivua miwani akasema, "Rispa, si mimi uliyenikosea. Ni ule mlango ndio umeuacha wazi." Kisha akanishika mkono huu unaovimba, akanipeleka mwenyewe kwa daktari.

Mtoto hayuko. Walipima. Siku zangu zilivurugika kwa sababu ya dawa yenyewe na mshtuko wa kuiacha. Wangeci alisema hata siku ambayo wataniruhusu niache, kuna miezi ya kungoja kwanza mwili ujisafishe, ndipo mtu afikirie mtoto. Nilifurahi, halafu nikaenda chooni nikalia, halafu nikafurahi tena. Sijui kama unanielewa. Najua unanielewa.

Kile nilichokihisi kwa vidole, daktari alikipapasa muda mrefu, akapiga picha. Anasema haoni kitu cha kutisha, lakini atanitazama tena Septemba. Sikudanganyi tena, Mama, kwa hivyo nakuandikia hivyo hivyo: hawajui kwa hakika. Hakuna anayejua kama kuna kilichoingia wakati mlango ulikuwa wazi. Nitangoja Septemba kama wewe unavyongoja mvua.

Nilimwambia Kimanzi ukweli siku aliyorudi. Alitoka nje. Nikajua amekwenda kutafuta zizi, lakini Kaloleni hakuna, basi alizunguka lile jengo la soko mara kadhaa akarudi. Kliniki iliyofuata alikuja na mimi. Akaketi katikati ya akina mama, mwanaume peke yake, kofia magotini. Wangeci alipotuita akauliza habari ya mipira kwa sauti ya barabarani, kama anaitisha spana. Wanawake wote kwenye benchi walicheka. Hata mimi. Mmoja akasema, "Huyo mumewe ndiye dawa, huyo." Aliona haya mpaka Jogoo Road.

Vidonge nimeanza tena, na joto limerudi, nalowa vile vile. Uchovu pia, afadhali nisikuambie. Asubuhi nyingine nakaa ukingoni mwa kitanda nikiangalia viatu kana kwamba ni vya mtu mwingine. Nikiwaza miaka mitano naona giza. Basi siwazi mitano. Nawaza jioni moja, redio ya jirani, taarifa ya habari.

Na sasa hata redio siihitaji. Nilimsimulia mjukuu wako habari ya babu yake na kikombe, nikidhani ni hadithi ya kumlaza. Jioni iliyofuata akakishusha kikombe mwenyewe, akaenda kusimama mlangoni. Maji nusu yalikuwa kwenye gauni lake. Nikamwambia, "Njoo ndani, Ndindi." Akakataa. Akaninyooshea kutoka pale pale kizingitini. Kichupa nilikitoa juu mimi, hicho hakigusi tena. Nikameza. Nikamrudishia kikombe.

Hakuondoka, Mama. Alisimama, kitumbo mbele, ananitazama.

"Fungua mdomo," akasema. "Nione ulimi."

Ndivyo tunavyofanya kila siku sasa. Nainua ulimi, anachungulia kushoto na kulia kama daktari, kisha anatikisa kichwa kukubali, anarudi kucheza.

Kwa hivyo usihesabu tena kwamba Mzee hajaitwa na mtu. Jana jirani alimwona pale mlangoni na kikombe, akamuuliza, "Whitney, unafanya nini hapo?"

Akamjibu bila kugeuka, "Mimi si Whitney. Mimi ni Ngui. Nangoja mama ameze."

Mtoto wako,
Rispa